Aliyeokota Leso

Mtu mwenye sababu moja ya kumchukia mwenzake huitaja akanyamaza. Iago, yule mshika bendera katika tamthilia ya Othello, anazo sababu chungu nzima, na kila anapobaki peke yake jukwaani anaongeza nyingine. Kwanza, jemadari wake Othello amempa Cassio cheo cha luteni ambacho yeye alikuwa anakitolea macho. Kisha zipo fununu kwamba Othello amelala na mke wa Iago. Hana hakika nazo, lakini anasema atazichukua kama kweli. Kisha anamshuku Cassio kwa jambo hilohilo. Kisha, kwa kupitia tu, anadai kwamba hata yeye anamtamani Desdemona, mke wa jemadari. Na usiku wa mauaji, mchezo ukikaribia kwisha, anatoa sababu ambayo nadhani hakukusudia kuitoa: Cassio ana namna ya kuishi inayopendeza hata Iago akisimama kando yake anajiona hafai. Njama inapofichuka na watu wakataka kujua kulikoni, anafunga kinywa, hatasema tena neno.

Mshairi Mwingereza Samuel Taylor Coleridge, aliyemsoma Iago miaka mia mbili hivi baada ya Shakespeare kumwandika, aliona kwamba jamaa huyu anasakasaka sababu za ubaya usiokuwa na sababu. Wahakiki wengi wamemfuata. Mimi siwezi. Naona Iago sababu anayo tangu mwanzo, ila anaionea haya kwa kuwa ni ndogo. Alirukwa. Ndiyo hiyo tu.

Anayefanya kazi ofisini hahitaji mhakiki wa kumweleza. Mtu amekaimu nafasi kwa miaka, anajua faili gani liko kabati gani, amewapokea wakuu na kuwaaga. Siku barua ya uteuzi inatoka, jina lililomo ni la kijana aliyerudi masomoni juzi. Kwenye kikao anapiga makofi pamoja na wengine. Kuanzia kesho yake anamwita kijana "bosi" kwa sauti yenye kitu ndani yake. Ukimuuliza ana nini, hatakuambia anaumia. Atakuambia kijana ana dharau, vyeti vyake vina walakini, halafu inasemekana anatembea na mke wa fulani. Maumivu ya kurukwa hayana fahari, kwa hiyo hutafutiwa sababu zenye uzito kuliko yenyewe. Iago anafanya hivyohivyo. Anamcheka Cassio kuwa ni mtu wa hesabu, anayejua vita kwa kuvisoma, wakati yeye Othello amemwona kwa macho yake akipigana Rhodes na Cyprus. Malalamiko haya yana ukweli ndani yake, na hapo ndipo yanapotisha. Husuda yenye haki kidogo ndani yake ni ngumu kuiponya kuliko ile isiyo na haki kabisa.

Shakespeare alikuwa ameshaipima husuda ya aina hii miaka michache nyuma. Wasomaji wa Juliasi Kaizari, ile tamthilia aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere na ikachapwa mwaka 1963, wanamkumbuka Kasio (si Cassio wa Othello) akisimulia jinsi alivyomwokoa Kaizari asizame mtoni Tiber. Leo huyo aliyekuwa akitapatapa majini anatukuzwa kama mungu, na aliyemvuta nje anapaswa kumwinamia. Kumjua mtu alipokuwa dhaifu, kisha kumwona amekupita: sidhani kama kuna mbolea bora ya chuki kuliko hiyo.

Kisa cha Othello hakukitunga Shakespeare. Alikichukua kwa Mwitaliano Giovanni Battista Giraldi, maarufu kwa jina la Cinthio, aliyekichapisha mwaka 1565 katika mkusanyiko wake wa hadithi. Kwa Cinthio mambo ni mepesi kueleweka: mshika bendera anampenda mke wa jemadari, mwanamke hana habari naye, mapenzi yanageuka chuki. Ni wivu wa kimapenzi, wa kila mtaa. Shakespeare aliuweka pembeni na mahali pake akaweka cheo. Mabadiliko hayo tu yanatosha kuonyesha alikoelekeza macho yake. Liko badiliko la pili, kubwa zaidi kwa maoni yangu, nitalifikia.

Kwanza Othello mwenyewe. Tamthilia ilichezwa mbele ya Mfalme James jijini London tarehe 1 Novemba 1604. Miaka minne kabla, mwaka 1600, jiji hilohilo lilikuwa limempokea balozi wa Moroko, Abdul-Wahid bin Masoud, aliyetumwa na Sultani Ahmad al-Mansur. Picha yake iliyochorwa mwaka huo ipo hadi leo, mtu wa kilemba na upanga, macho makali. Haijulikani kama Shakespeare alimwona. Lakini watazamaji wake walikwisha kuona kwamba mtu wa Afrika anaweza kuja akiwa na hadhi, akapokewa kwa heshima, na bado akatazamwa kama kioja mitaani.

Othello yuko katika hali hiyohiyo. Venisi inamheshimu kwa kuwa inamhitaji. Mzee Brabantio, baba yake Desdemona, alikuwa akimwalika nyumbani mara kwa mara asimulie vita alivyopigana, utumwa alioupitia, nchi alizozivuka. Alimpenda kama mgeni wa sebuleni. Siku aliposikia binti yake amefunga ndoa na mgeni huyo alikimbilia baraza la wakubwa akidai kuna uchawi, maana hakuona njia nyingine ya binti wa Venisi kumpenda mtu mweusi. Baraza likampa haki Othello. Lakini tutazame ilikuwa usiku gani: usiku ambao habari zimefika kwamba merikebu za Waturuki zinaelekea Cyprus na hakuna jemadari mwingine wa kupeleka. Sijui hukumu ingekuwaje kama usiku ule bahari ingekuwa shwari. Huu ni mji uleule ambao wasomaji wetu waliukuta katika tamthilia ya Mabepari wa Venisi, mji wa biashara unaomvumilia mgeni kadiri anavyoufaa.

Tena sikilizeni kinachofuata. Tufani inazivunja merikebu za Waturuki kabla ya vita kuanza. Watu wa Cyprus wanashangilia, Othello anashangilia nao. Hakuna anayetambua kwamba dhoruba iliyompa ushindi imemnyang'anya kazi. Jemadari amebaki kisiwani bila adui, ndani ya nyumba, pamoja na mke aliyemjua muda mfupi na rafiki anayemwamini kupita wote. Rafiki huyo ni Iago.

Maongezi yao katika tendo la tatu nimeyasoma tena na tena, na kila mara hunishangaza jinsi Iago anavyosema machache. Cassio anaondoka upesi Othello anapoingia. Iago anaguna kwamba hilo hakulipenda. Anauliza kama Cassio alijua habari za uchumba wao tangu mwanzo. Akiulizwa kwa nini anauliza, anarudia maneno ya Othello kama mtu anayesitasita. Anaombwa aseme, anakataa. Anamsihi jemadari ajihadhari na wivu, wivu ambao mpaka hapo Othello hakuwa nao. Mfitini hodari hakuletei habari, hukuachia nafasi uijaze mwenyewe.

Othello bado amesimama imara. Anasema mkewe alikuwa na macho na alimchagua yeye. Basi Iago anatoa la mwisho: mimi nawajua wanawake wa kwetu, wewe huwajui, na huyu alimdanganya baba yake ili aolewe nawe. Hoja hii ya pili ni ya Brabantio, aliyeitupa kama laana siku ya baraza. Iago aliiokota na kuiweka akiba. Lakini ile ya kwanza ndiyo inayobomoa. Wewe si mtu wa hapa. Othello akibaki peke yake, anayojiambia si kwamba Desdemona ni mwovu. Anajiambia kwamba huenda ni kwa kuwa yeye ni mweusi, hana maneno laini ya watu wa mjini, na umri umesogea. Mengi kati ya hayo Iago hakumwambia waziwazi. Yalikuwa ndani mwake siku zote, yakisubiri mtu wa kuyafungulia mlango.

Kuna waliowahi kueleza yote haya kwa damu: kwamba watu wa namna yake huwaka upesi. Tamthilia yenyewe inakanusha. Mtu wa kwanza kumshuku mkewe bila ushahidi wowote ni Iago, tena kwa wanaume wawili. Mwaka 1987 mwigizaji John Kani alicheza nafasi ya Othello katika ukumbi wa Market Theatre, Johannesburg, chini ya uongozi wa Janet Suzman. Sheria iliyoharamisha ndoa kati ya weupe na wasio weupe ilikuwa imefutwa mwaka 1985 tu, na ubaguzi wa rangi ulikuwa bado unatawala. Mbele ya watazamaji wale, mashaka ya Othello hayakuhitaji maelezo ya damu. Nchi nzima ilikuwa imeshamwambia kwa miaka mingi kwamba mwanamke huyu si wake.

Kwetu husemwa kwamba asiye na wivu hapendi. Watu wameyajengea nyumba maneno hayo, wengine wamepigiwa humo. Ukimtazama Othello kwa makini, wivu wake hauhusiani sana na Desdemona. Anamwuliza kidogo sana, na akimwuliza tayari ameshahukumu. Linganisha na Bianca, mwanamke wa Cyprus ambaye Cassio anamtembelea kwa siri na kumcheka akiwa hayupo. Cassio anampa leso aliyoikuta chumbani kwake, asijue kwamba ni ya Desdemona na kwamba Iago ndiye aliyeitupa humo iwe ushahidi, ili anakili mapambo yake. Bianca anaona ni zawadi ya mwanamke mwingine, roho inamuuma, anarudi barabarani na kumtupia Cassio leso yake usoni: mtafute mwingine wa kazi hii. Kelele, aibu, na mwisho wake anamkaribisha chakula cha usiku. Mwanamke wanayemdharau wote ndiye peke yake katika mchezo huu aliyepeleka wivu wake kwa anayehusika, badala ya kuupeleka kwa rafiki amshauri.

Na lile pigo la hadharani? Mjumbe Lodovico anafika kutoka Venisi na barua. Othello anarudishwa nyumbani. Nafasi yake Cyprus apewe Cassio. Desdemona, asiyejua lolote, anasema amefurahi. Othello anampiga kofi mbele ya wageni. Tumezoea kulisoma kofi hilo kama la mume aliyeibiwa mke, na ndivyo lilivyo. Lakini ni Cassio yuleyule, na barua ileile inayosema sasa yeye ndiye mkubwa hapa. Jemadari ameonjeshwa, kwa mkupuo mmoja, kile ambacho mshika bendera wake alikionja mwanzoni mwa mchezo. Laiti angalijua, wangaliweza kukaa chini wakalia pamoja.

Sasa Emilia. Yeye ni mke wa Iago na mtumishi wa Desdemona, na kwangu mimi usaliti wa tamthilia hii umekaa mikononi mwake kuliko mahali pengine.

Othello anasema kichwa kinamuuma. Desdemona anatoa leso, iliyotariziwa matunda ya stroberi, zawadi yake ya kwanza kutoka kwa mume, amfunge kipaji cha uso. Othello anasema ni ndogo, anaisukuma, inaanguka, wanaingia ndani. Emilia anaiokota. Anajisemea kwamba mumewe amemwomba aiibe mara nyingi, hajui ya nini, na kwamba bibi yake anaipenda hata huwa anaibusu na kuizungumzisha. Anapanga kunakili mapambo. Mara Iago anaingia akiwa na ukali wake wa kawaida: unafanya nini hapa peke yako? Emilia anamwambia usinigombeze, nina kitu chako. Iago anageuza hata hilo kuwa tusi. Ndipo anampa. Iago ananyakua. Emilia anashtuka kidogo, anaiomba irudi kama haina shughuli ya maana, maana bibi yule atachanganyikiwa akiikosa. Anaambiwa ajifanye hajui. Anaondoka.

Leso imetoka mikononi mwake kwa mistari michache tu ya maongezi. Hakuna chuki. Anampenda Desdemona, na baadaye atathibitisha. Hakuna fedha. Kuna mwanamke aliyechoka kufokewa, anayetaka kwa mara moja mumewe amtazame kwa uso mkunjufu. Huyu mume hakumpa hata hicho. Alimwita mjinga na kubaki na kitu chake.

Kwa Cinthio haikuwa hivi, na hili ndilo badiliko la pili nililolitaja. Kule leso inaibwa na mshika bendera mwenyewe, Disdemona akiwa amempakata binti mdogo wa yule bwana. Mkewe hakuigusa. Tena alijua kila kitu, ila alinyamaza kwa kumwogopa mume. Shakespeare aligeuza juu chini: akamtia leso mkononi na akamwondolea ujuzi. Mke katika hadithi ya Cinthio anajua na hakufanya. Emilia anafanya na hajui. Au hajui vizuri.

Hiyo "vizuri" inanisumbua. Mara tu baadaye Desdemona anamwuliza, nimeipoteza wapi leso ile? Emilia anajibu hajui. Ni uwongo mdogo, wa mtumishi anayeogopa kuambiwa mwizi. Dakika chache tu na Othello anaingia, anaidai leso, anasimulia kwamba Mmisri mwenye uchawi alimpa mama yake na kwamba kuipoteza ni balaa. (Mwishoni mwa mchezo atasema ni baba yake aliyempa mama yake. Ama uchawi aliutunga kumtisha mkewe, ama kumbukumbu imevurugika. Sioni ipi ni afadhali.) Desdemona anatishika na yeye anadanganya kwamba haijapotea. Leso! Leso! Leso! Na Emilia amesimama palepale. Sentensi moja ingetosha: bwana, niliiokota mimi, nimempa mume wangu. Haitoki. Othello akiondoka, anachosema Emilia ni kwamba mtu huyu ana wivu.

Mhakiki Thomas Rymer mwaka 1693 aliidhihaki tamthilia hii kwamba ni kelele nyingi mno kwa ajili ya leso. Alidhani udogo wa kitu ni kasoro ya mtunzi. Kama Emilia angekuwa ameombwa sumu, angekataa na kupiga mayowe. Aliombwa kitambaa.

Usidhani hana akili. Othello akishamtukana Desdemona na kumwita kahaba, ni Emilia anayekisia sawasawa kilichotokea: kuna mlaghai fulani, anasema, amezua uzushi huu ili apate cheo. Anasema hayo Iago akiwa amesimama mbele yake. Ametaja kosa, ametaja sababu, kasoro jina tu. Iago anajibu kwamba mtu wa namna hiyo hayupo duniani, na mazungumzo yanaendelea. Tunaweza kulijua jambo lote na tukashindwa kulijua kwa mtu tunayelala naye kitanda kimoja. Kulijua ni kuivunja nyumba.

Othello akishamuua Desdemona, anamweleza Emilia kwamba mumewe ndiye aliyemfungua macho. Emilia anauliza: mume wangu? Anaelezwa tena. Anauliza tena. Mpaka Othello anakasirika kwa nini anarudia neno hilo hilo. Waigizaji wazuri hulipa kila "mume wangu" uzito wake, maana kila mmoja unamtoa hatua moja nje ya ndoa. Othello anapoitaja leso, yote yanakaa sawa kichwani mwake, na kabla ya hapo ameshaponyokwa na maneno kwamba alihisi tangu wakati ule. Wakati upi hasa, hasemi. Iago anamwamuru aende nyumbani. Anajibu kwamba huenda asirudi nyumbani tena kamwe, akaanza kusema. Iago anachomoa upanga, Emilia haachi kusema, naye anamchoma.

Othello naye anajiua, lakini si kabla ya kuhutubia. Anawakumbusha wajumbe kwamba ameitumikia dola na wao wanajua. Anaomba barua zao zimweleze kuwa ni mtu asiye mwepesi wa wivu, aliyependa kupita kiasi. Nimemhurumia Othello kurasa nyingi, hapa ananipoteza. Mwili wa mke wake haujapoa na yeye bado anawasilisha jalada lake la utumishi kwa Venisi, akimalizia na hadithi ya jinsi alivyomuua Mturuki kule Aleppo kwa kuitukana dola hiyo. Mpaka pumzi ya mwisho anataka kukubaliwa na wao. Nao hawachelewi: Lodovico anatangaza nyumba na mali za marehemu ziwe za Gratiano, ndugu yake Brabantio, na kisiwa na adhabu ya Iago viwe chini ya Cassio.

Kuhusu Emilia hatoi amri yoyote. Kabla ya kufa aliomba alazwe ubavuni mwa bibi yake, na maandishi hayaelezi wazi kama alilazwa. Waongozaji huamua wenyewe. Wengine humbeba mpaka kitandani, wengine humwacha sakafuni alipoangukia. Ningekuwa mmoja wao ningembeba. Leso aliitoa yeye, na hilo halifutiki, lakini katika chumba kile kilichojaa wanaume wenye vyeo ni yeye aliyesema ukweli akiona wazi upanga wa mumewe umeshatoka alani.